Kaka anataka kumpa baba soko lisilo lake

Anti, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 38, kitinda mimba kwetu. Baba yetu alifariki mwaka jana akiwa na miaka 74, tukamzika Kinondoni. Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu tunafanya kumbukumbu ya mwaka mmoja nyumbani kwetu Kijitonyama. Kutakuwa na ibada asubuhi, halafu tunakwenda kaburini, tukirudi ni chakula. Mimi nimepewa kuandika wasifu wa marehemu, eti kwa kuwa ndiye mwenye maneno. Kaka mkubwa amechukua kijitabu cha kumbukumbu, kile cha picha ambacho kila mgeni anaondoka nacho, pamoja na tangazo la gazetini.

Baba alikuwa msanifu majengo. Mtaani walimwita Injinia, na miaka yote aliwasahihisha: "Injinia anahakikisha nyumba haikuangukii. Mimi nahakikisha unapenda kukaa ndani yake." Watu wanacheka, kesho yake, "Injinia, umeamkaje?" Alianza kama kijana wa kuchora ramani mwanzoni mwa miaka ya 1970, baadaye akasoma Chuo cha Ardhi pale Survey, akafanya kazi serikalini hadi akastaafu. Alichora zahanati, madarasa, nyumba za walimu na ofisi za wilaya. Ni majengo ambayo ukipita na basi huulizi nani kayachora.

Sasa juzi kaka amenitumia kijitabu kabla hakijaenda kuchapwa. Ukurasa wa pili, kwa herufi nene: "Marehemu ndiye aliyesanifu Soko Kuu la Kariakoo." Anti, tumbo lilinivuta.

Najua neno hilo lilikotoka. Tulipokuwa wadogo, Jumapili moja moja baba alitupeleka Kariakoo na hatukwenda kununua kitu. Alitusimamisha katikati ya soko, watu wanatupiga vikumbo na vikapu, akatuambia tutazame juu. Lile paa la zege ni kama miavuli mikubwa iliyopinduliwa na upepo, ndivyo alivyotueleza, kila mwavuli umesimama kwa mguu wake mmoja. Mvua ikinyesha, maji yanakusanyika juu yanashuka chini, na hewa ya moto inapata pa kutokea. Halafu anasema, "Hili soko langu hili." Mimi nikaenda shule nikatangaza kwamba baba yangu kajenga Kariakoo. Usiku ule soko lilipoungua, Julai 2021, mzee hakulala. Alikaa mbele ya runinga akiuliza swali moja tu: "Zege limesimama?"

Lakini hakuwahi kusema kalichora. Nina daftari lake la zamani la mistari, jalada limeng'oka. Ndani kuna michoro ya lile soko kwa penseli, paa, ngazi za kuteremkia shimoni, yaani soko la chini ya ardhi, mama wa ndizi na mtoto mgongoni. Juu ya ukurasa wa kwanza ameandika kwa zile herufi zake kubwa: JUMAPILI. NIMEKUJA KUTAZAMA TENA. Mwenye kazi yake angeandika hivyo kweli?

Nilimpigia kaka. Akasema nani atakayehakiki, mambo ya miaka hamsini iliyopita, na watu wanapenda kusikia jambo kubwa. Nilipong'ang'ania akaniambia, "Wewe unataka baba azikwe mara ya pili, na safari hii mikono mitupu." Tangu hapo hatujazungumza vizuri. Kaka anaishi Mwanza, na wakati baba anaumwa ile miezi saba alifika mara mbili. Simlaumu, kazi ndivyo zilivyo, ila nalitaja. Mama naye anasema, "Mwacheni kaka yenu. Msiba hauna mahakama."

Na mimi mwenyewe wasifu umenishinda. Nimeandika kurasa nne nikachana. Orodha ya zahanati haisomeki. Na kama baba, mzee alikuwa baba hasa, ila ni mambo ya ndani. Mama alikuwa muuguzi, wiki za zamu ya usiku baba ndiye aliyenisuka mabutu ya shule, na njia za nywele zimenyooka kama kapiga rula. Mwalimu aliuliza nasukwa saluni gani. Orodha ya sokoni aliiandika kama maelezo ya ramani: NYANYA 6. VITUNGUU 4. NAZI 2, KUBWA. Nyumba yetu aliichora mwenyewe na sebuleni hatujawahi kuweka eisii. Bibi mzaa mama alipokuja kuishi nasi na goti lake bovu, baba alivunja ngazi ya barazani akaijenga upya ili bibi asinyanyue mguu sana. Sasa vitu kama hivyo naviweka wapi mbele ya mchungaji na wazee wa fani?

Kijitabu kinakwenda kuchapwa Alhamisi ijayo. Kaka ameshaagiza na fundi wa vigae aje kutandaza baraza yote ili wageni wakute pasafi. Nifanyeje? Nimwache kaka na soko lake, au nigombane naye mbele ya kaburi la baba?

Binti wa Injinia, Kijitonyama

*

Marahaba mwanangu, na pole. Mwaka mmoja ni mfupi sana. Watu wakishakunja maturubai wanadhani na wewe umekunja.

Nianze na soko, kwa kuwa Alhamisi haingoji. Soko la Kariakoo lina mwenyewe. Lilisanifiwa na Beda Amuli, Mtanzania aliyesomea kazi hiyo Haifa, Israeli, na ambaye hutajwa kuwa Mwafrika wa kwanza Afrika Mashariki kuwa msanifu majengo. Lilijengwa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970, wakati baba yako ni kijana wa kalamu na rula. Hiyo si siri ya kabatini, ni jambo ambalo kila aliyepita darasa la usanifu nchi hii amelisikia. Kaka yako anauliza nani atahakiki. Wale wazee wa fani unaowaogopa, watakaokaa safu ya pili na bahasha zao za rambirambi, hao ndio watakaohakiki, na hawatasema neno. Watafunga kijitabu, watatazamana, na chakula kitakuwa kitamu kama kawaida. Njiani kurudi ndipo watakapomsikitikia baba yako kwa kitu ambacho hakukifanya.

Na kuna jambo jingine linaloniuma zaidi kuliko aibu. Amuli naye ana watu wake. Ukiandika sentensi ile unachukua kitu mikononi mwa marehemu mwingine ili umpe wa kwenu. Baba yako aliyekuwa akienda kulitazama lile paa Jumapili baada ya Jumapili, unadhani angekubali?

Katika kazi ile jina halikai kwenye ramani kama pambo. Anayeitwa msanifu lazima awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na akitia saini amejibebesha. Gorofa lilipoporomoka katikati ya jiji Machi 2013 na kuua watu 36, hakuna aliyetaka jina lake lionekane karibu na karatasi yoyote. Mzee wako aliishi na jambo hilo kila siku ya kazi. Ukizifungua ramani zake zilizoviringishwa (najua zipo, kila msanifu aliyestaafu ana mzinga wa karatasi juu ya kabati unaokula vumbi) tazama kona ya chini kulia. Kuna kisanduku: nani kachora, nani kakagua, tarehe. Utamkuta huko kwa herufi zake za kwanza, mahali pengine kama mchoraji, mahali pengine kama mkaguzi. Huko alijiandika yeye mwenyewe kwa kipimo chake. Mpeni hicho hicho.

Sasa kaka yako.

Hapa nitamtetea kidogo, usinichukie. Soma tena ulivyoandika: miezi saba ya ugonjwa, mara mbili. Umesema humlaumu, ila umehesabu. Naye amehesabu, mwanangu, tena usiku peke yake huko Mwanza. Aliyekosa kumwogesha baba yake, kumpeleka kliniki, kumshika mkono akitoka chooni, anatafuta kitu kikubwa cha kumlipa. Kwake hakuna kikubwa kuliko Kariakoo. Ile "mikono mitupu" aliyokutupia kwenye simu sidhani kama alikuwa anaisema ya baba.

Kwa hiyo usimtumie ujumbe wenye ushahidi. Usipige picha daftari ukaliweka kwenye kundi la familia, maana hapo utakuwa umemvua nguo mbele ya wakwe na binamu, na hata ukishinda utakuwa umeshindwa. Mpigie jioni akiwa peke yake. Usianze na kijitabu. Muulize anakumbuka nini cha zile Jumapili. Yeye ni mkubwa kwako, huenda alianza kwenda wewe hujazaliwa, ana soko ambalo wewe hulijui. Mwache aseme mpaka amalize. Akishamaliza ndipo umsomee lile neno la kwenye daftari, NIMEKUJA KUTAZAMA TENA. Halafu nyamaza. Sentensi ile itafanya kazi ambayo hoja zako zote hazitaifanya.

Baada ya hapo mwombe vitu viwili. Kwanza, mstari wa ukurasa wa pili ubadilishwe, usifutwe. Uwe kama hivi: "Alipokuwa kijana wa kuchora ramani, Soko la Kariakoo lililosanifiwa na Beda Amuli lilimvuta, akawa anakwenda kulitazama siku za Jumapili, na baadaye akawapeleka wanawe." Soko limebaki kwenye kijitabu, baba amebaki ndani yake, na hakuna mtu aliyeibiwa. Neno "langu" alilolisema mzee litakuwa na maana yake ile ile, kama shabiki asemavyo timu yangu na hajawahi kuvaa jezi uwanjani. Pili, mwambie wasifu utauandika wewe, lakini atakayeusoma ni yeye. Ni mtoto wa kwanza, ni haki yake, na sauti yake ndiyo wageni wanaitarajia. Hapo amepata cha kumfanyia baba yake mbele ya watu.

Mama yako usimweke upande wowote. Aliposema msiba hauna mahakama hakusema soko liandikwe, alisema msigombane. Ni vitu viwili. Mkalie jikoni siku moja umuulize baba alikwenda Kariakoo na nani zile Jumapili kabla hamjazaliwa. Nina dhana yangu kuhusu jibu la swali hilo, nakuachia.

Tuje kwenye wasifu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Kuhusu soko umeandika aya nzima, na nyingine juu yake. Kuhusu ngazi ya bibi yako umeandika sentensi moja, ukaisukuma chini kama mtu anayeficha vyombo vichafu wageni wakibisha hodi. Mimi si msanifu, lakini nimepanda ngazi za kutosha za mji huu, zile ambazo fundi alipima kwa jicho, moja inafika nusu ya goti, inayofuata huioni mpaka umejikwaa. Kushusha ngazi kwa ajili ya goti bovu hakuishii kwenye kuifupisha. Mgonjwa wa goti hupandisha mguu mmoja, akauleta wa pili pale pale, akapumua, ndipo aendelee. Kwa hiyo ukipunguza kimo lazima uongeze pa kukanyagia, miguu yote miwili itoshe. Ukiongeza pa kukanyagia, ngazi inasogea mbele inakula uwanja. Mtu akae, atazame mama mkwe wake anavyotembea, apige hesabu, aite fundi na saidia fundi, avunje zege alilolilipia mwenyewe. Kwa ajili ya mama mkwe! Naomba usiniambie hayo ni mambo ya ndani. Huyo hapo ndiye msanifu wenu akiwa kazini.

Kesho chukua futi ya fundi uipime. Kimo sentimita ngapi, upana wa kukanyagia ngapi. Zitie namba hizo kwenye wasifu. Wale wazee wa safu ya pili wakisikia namba watainua vichwa, kwa sababu watajua papo hapo alichokifanya na kwa nini.

Na sebule yenu isiyo na eisii, hebu isimamie kidogo. Dar hii, Januari, watu wanalala sakafuni. Upepo wetu unajulikana: kuanzia Desemba mpaka Machi ni kaskazi, ikishafika masika inageuka kusi mpaka mwisho wa mwaka unakaribia. Jua linapita mashariki kwenda magharibi, ukuta mrefu ukilitazama umepikwa. Nenda kasimame katikati ya sebule saa nane mchana utazame madirisha yanakabiliana na nini, kama kuna tofali za matundu juu ya mlango, kama paa limetoka nje kiasi cha kuzuia jua lisiingie. Sijaiona nyumba yenu, lakini sidhani kama ubaridi ule ulikuja wenyewe. Aliupanga kwenye karatasi kabla msingi haujachimbwa, na ninyi mmeulalia miaka yote hiyo mkidhani ni bahati. Nyumba za siku hizi tunaweka vioo vya aluminiamu ukuta mzima unaotazama magharibi, halafu tunanunua eisii tatu na kulalamikia umeme wa Luku. Samahani, nimetoka nje ya mada.

Mabutu nayo yaingie. Usiyapambe, yaseme kama ulivyonieleza mimi, njia zimenyooka kama kapiga rula, mwalimu kauliza saluni. Ukumbi utacheka. Watu wakicheka kidogo kwenye kumbukumbu ya mwaka ni heri, machozi walishayatoa mwaka jana. Orodha ya sokoni, kama bado unayo karatasi hata moja, ipige picha iwekwe kwenye kijitabu ukurasa mzima: NAZI 2, KUBWA. Mimi ningeiweka badala ya ile picha ya suti ambayo kila kijitabu kinayo, ila hilo kaka yako atalikataa, nalo usiligombanie.

Orodha ya zahanati umesema haisomeki. Kweli, ikisomwa yote watu watatazama simu. Chagua moja. Tafuta ramani yake kwenye ule mzinga, na kama iko karibu, Kisarawe au Bagamoyo, panda basi uende ukaione na mwanao mmoja. Kaa kwenye benchi la wagonjwa. Muulize muuguzi kama pale wanaposubiri mama wajawazito kuna kivuli saa sita. Ukirudi na jibu, lolote lile, una aya yako. Kama kuna fundi mzee aliyewahi kujenga naye, huyo mtafute kabla ya Jumamosi na mwalike akae mbele. Mafundi wanajua mambo ya msanifu ambayo mkewe hayajui, hasa alivyokuwa anakasirika.

Urefu wake uwe dakika tano, sita zikizidi. Miaka na vyeo vimalizike kwenye aya ya kwanza. Tangazo la gazetini mwachie kaka aliandike anavyotaka, "ni mwaka mmoja sasa tangu ulipotutoka", yale maneno yote tunayoyajua. Watu huyatafuta yale yale wakayasoma kwa utulivu, hayamdhuru mtu, mradi soko lisiwemo.

Limebaki la fundi wa vigae. Huyo mpigie leo, kabla hujampigia hata kaka. Baraza aiache kama ilivyo, ukuta wa mbele apake rangi kama amelipwa. Ngazi ya bibi asiiguse. Kigae na gundi yake barazani vitaongeza karibu sentimita mbili kwenye kimo cha hatua ya mwisho ya kupandia, na baba yako alizihesabu zile.